Shajara ya mradi: kuchagua mtaa kabla ya kuchagua nyumba

Lengo: kaya ya watu 4 ipate pa kuishi katika mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa, ndani ya siku 60. Watu wazima wawili wanafanya kazi, mmoja ofisini katikati ya mji, mwingine nyumbani kwa mtandao. Kuna mtoto anayeanza shule na bibi mwenye goti linalomsumbua. Mitaa inayopimwa ni minne, na humu imepewa majina ya kazi tu: Bonde, Kilima, Njiapanda na Reli. Siku zisizo na jambo la kuandika zimerukwa.

Siku ya 1. Bajeti

Kiasi kilichotengwa si cha kodi peke yake. Ni cha gharama nzima ya kukaa: kodi, nauli, maji, umeme, intaneti, pamoja na taka na ulinzi kama vinalipiwa pembeni. Nauli inahesabiwa hivi: nauli ya safari moja × 2 × siku 22 za kazi × idadi ya wanaosafiri. Kama njiani kuna kubadilisha gari, hizo ni nauli mbili. Ukishajumlisha hivyo, nyumba ya mbali yenye kodi nafuu mara nyingi inaikaribia ile ya karibu iliyoonekana ghali, na mara nyingine inaipita.

Muda nao umeingizwa kwenye hesabu. Safari ya dakika 90 kwenda na 90 kurudi, kwa siku 22, ni saa 66 kwa mwezi. Safari ya dakika 35 ni saa 25 na dakika 40. Tofauti ni kama saa 40, yaani wiki nzima ya kazi inayoliwa na barabara kila mwezi.

Siku ya 3. Jedwali la kwanza limeharibika

Jedwali lilikuwa la kawaida: vigezo 12, kila kimoja na uzito wake, jumla 100. Bonde likaongoza kwa alama 82. Bonde hilohilo ndilo ambalo matangazo yake matatu kati ya manane yana maneno "haifikiwi na maji". Hakuna anayeandika hivyo mahali ambapo maji hayajawahi kufika.

Chanzo cha kosa ni hiki: mafuriko yalikuwa mstari mmoja wenye uzito wa 5. Hata Bonde likipata sifuri hapo, linapoteza alama 5 tu, kisha linazirudisha kwa kodi nafuu na ukaribu. Alama zinazojumlishwa huruhusu ubaya mmoja kununuliwa na uzuri mwingine. Kuna ubaya usionunulika.

Jedwali limevunjwa vipande viwili. Kwanza vizuizi, ambavyo jibu lake ni ndiyo au hapana. Mtaa ukikwama kwenye kimoja, umetoka. Alama zinakuja baadaye, kwa mitaa iliyobaki tu. Vizuizi vimewekwa vitano, na kila kimoja kina kipimo ili kisigeuke kuwa ubishi:

1. Safari ya asubuhi, mlango hadi mlango, isizidi dakika 60 katika safari 9 kati ya 10.
2. Kuwe na maji ya bomba, au akiba ya siku 4 kwa watu 4.
3. Kusiwe na dalili ya maji kuingia ndani ya nyumba.
4. Bibi asilazimike kupanda ngazi zaidi ya sita kufika chumbani.
5. Kituo cha afya kinachopokea dharura usiku kiwe ndani ya dakika 20 kwa gari.

Vikizidi sita, hakuna mtaa utakaobaki, na watu wataanza kulegeza kimoja kimoja kimyakimya. Cha nne ni kizuizi cha nyumba, si cha mtaa, kwa hiyo kinasubiri.

Siku ya 5. Ramani

Duara limechorwa kuzunguka ofisi, kisha likafutwa. Duara hupima anavyoruka kunguru. Reli iko mita 700 tu kutoka kituo cha treni, ambazo kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni dakika 8 hivi. Lakini kivuko kiko kimoja, na ukifuata njia halisi umbali ni kilomita 2.1, sawa na dakika 25. Mto, njia ya treni na barabara kuu yenye uzio vyote hufanya hivyo. Pima njia ya miguu kwenye OpenStreetMap au programu nyingine ya ramani, na ukague kwamba kivuko kilichochorwa kipo kweli.

Kwa mwinuko, data ya wazi inayotumika sana ilipigwa kwa rada kutoka chombo cha anga za juu Endeavour mwezi Februari 2000. Inafaa kujua kipi ni kilima na kipi ni bonde. Haifai kuamua nyumba ipi italowa. Kila nukta inawakilisha eneo la mita 30 kwa 30 hivi, mapaa na miti huchanganywa na ardhi, na kosa la mita kadhaa kwenda juu au chini ni la kawaida. Mtaro wa kina cha mita 1.5 hauonekani kabisa.

Picha za setilaiti za miaka tofauti zimesaidia zaidi. Angalia ukanda mtupu katikati ya nyumba zilizobanana. Ardhi ya mjini haiachwi tupu bure: hapo hupita maji, nyaya za umeme mkubwa, bomba, au barabara ambayo bado haijajengwa. Bonde lina ukanda wa namna hiyo wenye umbo la nyoka, na nyumba sita zimejengwa juu yake katika picha za karibuni.

Siku ya 8. Makazi ya muda

Mtu mmoja ametangulia na kupanga chumba cha wiki nne. Kwa makadirio yetu hii ndiyo pesa inayorudi haraka kuliko zote katika mradi huu. Chumba kisiwe ndani ya mojawapo ya mitaa inayopimwa. Mtu huzoea anapolala, kisha akaanza kupatetea.

Siku ya 9 hadi 20. Safari

Vipimo vya siku mbili za kwanza vimetupwa: kimoja kilikuwa cha Jumamosi, kingine cha siku ambayo shule zimefungwa. Makadirio ya programu ya ramani nayo yametupwa, kwa sababu yalitolewa usiku bila kuweka muda wa kuondoka. Programu ikiulizwa saa 4 usiku inajibu ya saa 4 usiku.

Utaratibu uliobaki: saa inaanza mlangoni na kusimama mezani ofisini. Kutembea hadi kituoni, kusubiri, kupanda, kushuka na kutembea tena vyote vimo. Kuondoka ni kuanzia saa 1:00 asubuhi, siku ya kazi, safari 10 kwa kila mtaa. Watu husahau kupima kusubiri, na katika vituo ambako magari hufika yamejaa, kusubiri ndiko kunakokula muda kuliko safari yenyewe.

Njiapanda, kwa dakika: 34, 36, 35, 71, 38, 37, 36, 40, 68, 39. Wastani 43.4.
Kilima, kwa dakika: 46, 48, 47, 50, 52, 47, 49, 51, 46, 48. Wastani 48.4.

Kwa wastani Njiapanda inashinda kwa dakika 5. Lakini bosi wako hajui wastani; anajua umefika au hujafika. Anayetaka kuchelewa mara moja tu katika safari 10 lazima atenge dakika 68 akiwa Njiapanda na dakika 51 akiwa Kilima. Sababu imeonekana siku ya safari ya nne: Njiapanda ina njia moja tu ya kutokea, gari moja likaharibika kwenye mzunguko, mtaa mzima ukasimama. Kilima kina njia mbili zinazokutana mbali. Njiapanda imetoka kwa kizuizi namba 1. Jina lake lilitudanganya.

Reli ilipata kati ya dakika 54 na 59, tisa kati ya kumi ndani ya 58. Imepita kwa shida, ila haiyumbi: treni haina foleni.

Kuhusu kikomo cha dakika 60, mwanafizikia Mwitaliano Cesare Marchetti aliandika mwaka 1994 kwamba watu wa zama na miji tofauti huelekea kutumia kama saa moja kwa siku njiani, kwenda na kurudi kwa pamoja. Kikomo chetu ni maradufu ya hapo, kwa hiyo kisipandishwe hata kwa dakika 5.

Siku ya 14. Maji

Vifaa: ndoo ya lita 10 yenye alama, saa ya simu, na sura isiyo na haraka. Koki inayopimwa ni ya juu kabisa ndani ya nyumba, si ya uani. Fungua hadi mwisho, hesabu sekunde mpaka lita 10.

Kilima, nyumba ya chini: sekunde 70, kama lita 8.6 kwa dakika. Bafu la mvua linaenda vizuri. Reli, ghorofa ya tatu: sekunde 160, chini ya lita 4 kwa dakika. Hayo ni machozi. Msukumo hupungua kama bar 1 (bar ni kipimo cha msukumo) kwa kila mita 10 za kwenda juu, kwa hiyo kila ghorofa ya mita 3 inakula bar 0.3. Jengo linaloonekana sawa chini linaweza kuwa kavu juu.

Kisha fungua koki ya pili huku ya kwanza ikitiririka. Ya kwanza ikishuka hadi nusu, mabomba ni membamba au yamejaa kutu ndani, na hilo halirekebishwi na mpangaji.

Tangi: watu 4 × lita 60 kwa siku × siku 4 ni lita 960. Tangi la lita 1,000 linatosha kaya moja. Tangi hilohilo likigawanywa kwa kaya sita halifiki jioni ya siku ya kwanza. Uliza linahudumia milango mingapi, kisha ligonge kwa fundo la kidole kuanzia juu ukishuka. Mahali sauti inapobadilika kutoka uwazi kuwa uzito ndipo maji yalipo. Rudia saa 12 asubuhi siku ya pili.

Dalali usimuulize kama maji yapo. Yapo, siku zote. Muulize jirani anayefua: "Shikamoo mama, mara ya mwisho maji yalikatika lini, na yalirudi baada ya siku ngapi?" Swali la lini na ngapi halijibiwi kwa ndiyo. Tena ukibahatika kuona bafu la jirani, hesabu ndoo zilizojazwa na kufunikwa. Mtu hapangi ndoo saba bafuni kwa mapambo.

Siku ya 16. Bonde

Dalili zilizoandikwa kwa saa mbili za kutembea: mstari wa tope kavu kwenye uzio, sentimita 40 kutoka chini, ukienda sawasawa nyumba hadi nyumba. Vizingiti viwili vimeinuliwa kwa tofali. Kabati limesimamishwa juu ya matofali. Matundu ya umeme yako usawa wa kifua, wakati swichi za taa ziko pale pale za kawaida. Rangi mpya imepakwa mita moja ya chini tu. Mlango mmoja wa mbao umevimba na kukwangua sakafu.

Moja kati ya hizo haithibitishi kitu. Zote kwa pamoja katika nyumba tofauti zinathibitisha. Bonde limetoka, pamoja na kodi yake nzuri na ukaribu wake.

Siku ya 18. Kelele

Kipima sauti cha simu hakijarekebishwa maabara, kwa hiyo namba yake ni ya kulinganisha tu: simu ileile, dirisha wazi kisha limefungwa, dakika 5 kila mara. Ongezeko la desibeli 10 husikika kama kelele maradufu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa kanda ya Ulaya, lilipendekeza kelele za magari usiku zishushwe chini ya desibeli 45, zikipimwa nje ya jengo.

Saa za kupima ni saa 5 usiku, saa 10 alfajiri na usiku wa Jumamosi. Reli ilikuwa tulivu muda wote mpaka treni ya mizigo ya saa 9 usiku ilipopita. Ratiba ya abiria haikuwa na treni hiyo. Tena, ingia chumbani, weka kiganja kwenye ukuta wa kichwani na usubiri pampu ya maji ya jengo iwake. Ukihisi mtetemo, kitanda hakikai hapo, na mara nyingi hakuna ukuta mwingine wa kukiweka.

Siku ya 20. Intaneti

Fupi: nyaya kupita mtaani si sawa na nyaya kuingia kwenye jengo. Omba kuona kisanduku ukutani. Pima kasi ndani ya chumba cha kazi, mlango umefungwa, saa 2 usiku wakati kila mtu yuko hewani. Kwa mikutano ya video tazama kasi ya kupandisha, si ya kushusha. Megabiti 4 kwa sekunde zisizoyumba zinatosha mtu mmoja. Kuta nene za zege hukata mawimbi ya simu hata mnara ukiwa unaonekana dirishani.

Siku ya 23. Alama

Imebaki miwili. Uzito: usafiri 30, gharama 25, huduma za karibu 15, utulivu wa usiku 15, intaneti 15. Alama ni 1 hadi 5 kwa kila kigezo, inazidishwa kwa uzito wake na kugawanywa kwa 5. Kilima kimepata 75, Reli 73.

Kabla ya kushangilia, uzito wa usafiri umeshushwa hadi 25 na wa gharama kupandishwa hadi 30. Kilima kikawa 74, Reli 75. Mshindi anayebadilika kwa kusogeza alama 5 si mshindi, ni sare. Sare haimalizwi kwa kuongeza desimali. Inamalizwa kwa kutafuta jambo ambalo jedwali halikuuliza.

Jambo hilo ni goti la bibi. Kizuizi cha ngazi kilifikiria ndani ya nyumba, kikasahau barabara. Simu ililazwa juu ya ubao wa mita 1 kwenye barabara ya juu ya Kilima ikasoma nyuzi 7, yaani sentimita 12 za kupanda kwa kila mita. Njia ya kiti cha magurudumu kwa kawaida haipaswi kuzidi 1 kwa 12, kama sentimita 8. Kwa Reli, bibi angetembea tambarare, ila kilomita 2.1 hadi kwenye usafiri.

Uamuzi: Kilima, lakini ukanda wa chini tu, mita 300 kutoka kituoni kabla mpando haujaanza. Hiyo ni vichochoro vitatu, na mtaa wa kuishi sasa ni hivyo vitatu.

Siku ya 25 hadi 36. Nyumba

Zimeonekana tisa. Mpangilio wa ukaguzi, dakika 40 kila moja, ni huu: pua kwanza. Dakika ya kwanza baada ya mlango kufunguliwa ndiyo pekee ambayo pua inasema kweli. Baada ya hapo imezoea. Harufu ya uvumba au dawa kali katika nyumba tupu ni sababu ya kusogeza kabati. Rangi iliyobabuka juu, karibu na dari, ni paa au bomba linalovuja, na hilo lina fundi. Ikiwa imebabuka chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, maji yanapanda ndani ya ukuta kutoka ardhini, na rangi mpya haitakaa hata ikipakwa mara tatu.

Umeme: washa taa, kisha chomeka kitu kizito kama pasi au birika. Taa ikififia sana, kuna kiungo kilicholegea au waya mwembamba. Mita ikiwa ya pamoja, muulize mwenye nyumba bili inagawanywaje, na usikubali jibu la "mnaelewana".

Dirisha la magharibi la chumba cha kulala lionwe saa 10 jioni, si asubuhi. Nyumba mbili zilizopendwa asubuhi zimeachwa baada ya kurudiwa jioni.

Pima milango na kona ya korido kabla ya kuhamisha friji. Kona ndiyo husahaulika.

Moja ya tisa ilikuwa ya utapeli. Anayejiita wakala alitaka amana kabla ya kuonyesha, akatuma video nzuri. Aliombwa apige simu ya video ya moja kwa moja, aanzie barabarani, aingie bila kukata, aonyeshe namba ya mita na kufungua koki ya jikoni. Hakupiga.

Siku ya 38. Mkataba

Umeombwa wa miezi 6 badala ya 12, kwa kodi iliyozidi kidogo. Ziada hiyo ni ndogo kuliko hasara ya kuvunja mkataba mrefu katika mtaa uliokosewa. Vipengele vilivyoongezwa kwa maandishi: amana inarudishwa ndani ya siku ngapi na inakatwa kwa lipi, notisi ya kila upande, nani anatengeneza pampu na tangi, na lini kodi inaweza kupanda. Usomaji wa mita za maji na umeme wa siku ya makabidhiano umeandikwa ndani ya mkataba, pamoja na risiti kwamba hakuna deni la nyuma. Deni la mita hubaki na mita, na mpangaji mpya ndiye anayekatiwa.

Picha 64 zimepigwa, kila chumba pembe nne, pamoja na ndani ya makabati na chini ya sinki, zikatumwa kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo ili tarehe iwe na shahidi.

Siku ya 47. Imehamiwa

Yaliyobaki wazi: safari ya asubuhi haijapimwa siku ya mvua kubwa. Kipimo cha ndoo kirudiwe wiki ya kwanza ya kiangazi, koki ileile, saa ileile; safu yake kwenye jedwali bado tupu. Mlango wa nyuma unakwangua sakafu kwa milimita 3, na kwa kuwa tuliona vilevile kule Bonde, ukuta wa upande huo umewekewa alama za penseli na tarehe, moja kila sentimita 10 kutoka chini.